Wifi Aliyefuga Mwani

Wifi yangu ni mtu anayefagia, kisha anarudi kufagia pale alipokanyaga wakati wa kufagia. Sisemi kwa chuki. Wifi na wifi wakisemana watu hudhani pana ugomvi, lakini sisi hatuna. Yeye ni dada wa mume wangu, mkubwa kwake, na tunafanya kazi chumba kimoja: saluni yake imeshika mbele na katikati, mimi na cherehani yangu tumebanwa pembeni karibu na dirisha. Nikiinua macho kutoka kwenye upindo wa sketi, ninayemwona ni yeye. Habari zake ninazo zote, na chache nilizozikosa nimeletewa na wateja hapo hapo kitini, bila hata kuuliza.

Mama mkwe husimulia kwamba utotoni wifi alikuwa anaosha sabuni. Siyo anaosha kwa sabuni. Anaosha sabuni yenyewe, eti imeshikwashikwa na watu. Alipokua akaolewa na fundi wa gereji. Sijui aliyewakutanisha alikuwa na akili gani. Mwanaume anarudi jioni na grisi mpaka kwenye nyusi, anakuta magazeti yametandikwa kutoka mlangoni hadi kitini, na kiti nacho kimevalishwa gazeti. Hawakuwahi kutukanana. Ila siku moja yule bwana akasema, kwa upole kabisa, "Mke wangu, nimechoka kukanyaga habari kabla sijazisoma." Akafunga begi. Wifi akalipangusa lile begi vumbi, akamsindikiza mpaka njiani.

Toka siku hiyo akaweka msimamo: hatamwambia mwanaume yeyote kwamba anamtaka. "Anayenitaka atasema mwenyewe," alikuwa akituambia. "Mimi mdomo wangu una kazi ya kushika pini." Na kweli, ukimkuta kazini midomo imebana pini kama mto wa kushonea, anazungumza kwa pembeni, na anaeleweka. Akaishi hivyo, saluni ikang'aa, wateja wakamjaa, na sisi mawifi zake tukaacha kumletea majina ya wajane.

Sasa ghorofani juu yetu kulikuwa na daktari wa meno. Ukumbini kwake aliweka tangi refu la kioo, la samaki wa maji ya chumvi, ili wagonjwa watazame samaki wasahau koleo. Alipohama akaona hawezi kulibeba, lilivyo zito na mawe yake na matumbawe yake ndani. Akashuka kumuuliza wifi kama atalipenda.

"Linapangusika?" wifi akauliza.

"Vioo pande zote."

"Lete."

Likateremshwa, likawekwa mkabala na viti vya kukaushia nywele. Ndani mlikuwa na samaki wadogo wadogo wa michirizi, na mmoja mkubwa wa njano, bapa, mashavu mbele, anayepita kwa mwendo wa kukagua bila kugusa kazi. Wateja wakamwita Mheshimiwa siku hiyo hiyo. Na tangi lilikuja na fundi wake, maana daktari alisema bila huyo fundi samaki hawamalizi mwezi.

Fundi mwenyewe ni mwanaume mrefu, mkimya, suruali imelowa magotini siku zote kama mtu anayetembelea magoti kwenye madimbwi. Mjane, lakini hilo tulilijua baadaye. Siku ya kwanza aliingia, akasalimia, akachungulia majini, akaondoka. Wifi alimfuata nyuma na tambara la deki, anafuta nyayo moja moja mpaka barazani. Mimi nikasema moyoni, huyu naye ameshapotea.

Fundi aliporudi baada ya wiki, alisimama mlangoni hakuingia. Tangi lilikuwa linameta. Kioo huoni kama kipo. Mawe yalikuwa meupe kama mifupa iliyochemshwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," wifi akajibu, kifua mbele, anangoja sifa.

"Na ile rangi ya waridi iliyokuwa kwenye mawe?"

"Ule ukoko? Ulinitesa huo! Nimetumia kisu cha siagi, halafu nikamalizia na mswaki."

Fundi akakaa. Nasema akakaa sakafuni, na suruali yake mbichi, katikati ya saluni, na wifi hakusema kitu. Hilo la kwanza.

"Dada," fundi akasema, "ule ulikuwa mwani. Umeota kwa miaka."

"Mwani si ule wa kijani?"

"Kuna wa kijani, wa kahawia, wa waridi. Ule wa waridi ni mgumu kama chokaa, unayashika mawe pamoja. Na ukishakaa, ule wa kijani wa utelezi unakosa nafasi. Wewe umemfukuza mlinzi ukaacha mlango wazi."

"Yaani unaniambia uchafu una faida."

"Siyo uchafu. Samaki anakula humo, anajisaidia humohumo. Nani anasafisha?"

"Wewe."

"Mimi napita tu. Anayesafisha kila saa ni mwani. Ule uchafu ulioyeyuka, usioonekana, kwake ni chakula. Taa ikiwaka anatoa hewa, wenzake wanapumua. Halafu huyu wa njano anautafuna mchana kutwa. Dada, umemwoshea mtu sahani na chakula kikiwamo."

Mimi nilicheka mpaka nikakata uzi. Mheshimiwa kweli alikuwa anazungukazunguka mawe meupe, anabusu huku, anabusu kule, hapati.

"Lakini usije ukampenda mwani kupita kiasi," fundi akaendelea, na mtu mkimya yule sasa alikuwa ameshika kasi. "Akiwa mmoja ni mgeni mzuri. Ukimpa taa nyingi na chakula kingi anaita ukoo wake wote. Wanafunika matumbawe yakose mwanga, wanaziba mabomba, wanakunyima hata kuona samaki. Na giza likiingia anageuka: hewa aliyoitoa mchana anaanza kuivuta yeye, wanagombania na samaki. Anatakiwa awepo, lakini awepo kwa adabu."

Sijawahi kumwona wifi akimsikiliza mtu bila kumpangusa kitu. Alisimama pale, pini mdomoni, kichana hewani. Pini moja ikadondoka. Hakuiokota.

Nikajua mambo yameharibika.

Basi likaanza somo. Fundi akamwonyesha kwamba ndani ya kabati, chini ya tangi, kuna sanduku la maji linalounganishwa na tangi kwa bomba, na humo mwani unafugwa kwa makusudi, ule wa kujikunjakunja kama nywele zilizotoka kwenye rola. Ukikua kule chini unamaliza chakula chote, kwa hiyo ule wa utelezi juu unakufa njaa. Kazi ni kuupunguza mara kwa mara, uzidi kuota, na unaokatwa anapewa Mheshimiwa.

"Kwa hiyo nikate ncha," wifi akasema.

"Ndiyo."

"Kila wiki, usijifunge."

"Hasa!"

"Huyu ni mteja kama wateja wengine. Ungesema mapema."

Taa ya lile sanduku ilikuwa imeungua. Wifi akatoa draya yake ya zamani, ile kofia kubwa ya kukalia chini yake, injini yake ilishakufa. Fundi akafunga balbu ndani, wakaifunika juu ya mwani. Mteja akifungua kabati kutafuta taulo anakuta kichwa cha kijani kimekaa chini ya draya.

"Na huyu?" wakauliza.

"Huyo anasetiwa," wifi anajibu, "na hasemi watu kama nyie."

Kila wiki fundi akaja. Wifi akapunguza mwani kwa mkasi wake mzuri, ule ambao mimi nikiugusa kukata kitambaa natukanwa. Fundi akashika beseni. Wakaongea mambo ya mwani, nakuapia, mwani tu. Wa kahawia unakuja tangi likiwa jipya, hupita wenyewe. Mwekundu wa utando unanuka, ufyonze haraka. Wengine wanaimbiana mashairi. Hawa walikuwa wanaambiana habari za utando, na sauti zao zimeshuka kama watu walio kwenye kona ya giza. Wifi akaanza kujisuka siku ya kuja fundi. Fundi akaanza kuvaa shati lenye vifungo vyote. Ila magoti yakabaki vilevile.

Mume wangu nikamwambia, "Dada yako amepata mtu."

"Nani?"

"Wa mwani."

"Wa nini?"

"Acha. Utamwona."

Sasa uone mambo ya dunia. Tangi likapona. Waridi ikaanza kurudi kwenye mawe kidogo kidogo, kioo kikatulia, matumbawe yakafunguka kama vidole vya mtoto aliyelala. Fundi akatazama, akazunguka, akakosa la kurekebisha. Akakuna kisogo.

"Dada, umejua kuliko nilivyotarajia. Sasa unaweza mwenyewe. Mimi nitapita mara mojamoja, au ukiniita."

"Sawa," wifi akasema.

"Basi sawa."

"Sawa."

Akaondoka. Wifi akafuta kioo cha ukutani. Akakifuta tena. Mteja wa kwanza akaja akaondoka, yeye kioo hicho hicho. Nikamwambia, "Wifi, ukizidi hapo utatokea upande wa pili." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa na maji.

"Ataitwa kwa lipi?" akaniuliza. "Tangi ni zima."

"Mwite kwa kumwita. Mwambie njoo, nimekukumbuka."

"Mimi?" Akazitema pini zote mkononi. "Mimi nimwambie mwanaume nimemkumbuka? Bora nilambe sakafu."

"Sakafu yako si unailamba kila siku kwa macho?"

"Wifi! Ukimwambia neno moja yule baba, nakunyoa usingizini."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Nywele zangu nazipenda.

Jioni ile tunafunga, nikaona taa ya tangi inawaka. "Hujazima taa."

"Najua."

Kesho yake Mheshimiwa akapewa chakula asubuhi, akapewa mchana, akapewa na cha kufungia duka. Maji yalipopungua, badala ya yale yaliyochujwa aliyoagizwa na fundi, wifi akafungulia bomba akajaza ndoo, akamimina bila haya. Mwanamke aliyeosha sabuni! Nilikaa nyuma ya cherehani nimeziba mdomo kwa kipande cha bitana. Alikuwa anafuga mwani. Alikuwa anaupalilia uchafu kwa mikono yake mwenyewe, na kila asubuhi anainama kwenye kioo kuangalia kama umeota, kama mtu aliyepanda mchicha.

Ukaota. Akachukua simu.

"Fundi, kuna kijani."

Sauti upande wa pili: "Kijani kiasi gani?"

"Kijani cha kutosha."

Fundi akafika kabla sijamaliza kuweka zipu. Akakwangua, akaongea, akanywa chai, akacheka kwa mara ya kwanza mbele yetu. Wifi akawa mwepesi, anapita kwenye viti kama anasukumwa na feni.

Lakini saluni ina vioo kila upande. Humo huwezi kuiba hata pumzi. Wifi alipoingia chumba cha nyuma kuosha vikombe, mimi nikamwona fundi kwenye kioo, kwanza ubavu, halafu kisogo, halafu ubavu mwingine: anatumbukiza mkono tangini, anaokota konokono. Wale konokono kazi yao ni kulamba mwani kwenye vioo. Anawaokota anawatia kwenye kopo, kopo kwenye begi. Akafungua kabati, akaung'oa mwani mzuri wa chini ya draya, karibu wote, akabakiza kama kipara cha mzee. Akageuka, macho yetu yakakutana kwenye kioo. Akaweka kidole mdomoni. Mtu mzima, mjane, na magoti yake yamelowa, ananiomba kwa macho kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

Nifanyeje? Huyu anaficha walaji wa mwani ili mwani uote aitwe. Yule anamwaga taa na chakula ili mwani uote amwite. Kila mmoja anamwibia mwenzake usafi, na mimi katikati nimefungwa mdomo na wote wawili. Usiku nikamsimulia mume wangu. "Dada yako anafuga uchafu."

"Dada yangu? Mpelekeni hospitali."

"Amependa."

Akafikiri. "Basi hospitali haitasaidia."

Mwani ukishapata taa, ukapata chakula, ukakosa wa kuulamba na ukakosa wa kushindana nao, haungoji mtu. Ulianza kama ukungu. Ukawa manyoya. Wiki ile nyingine ukawa nywele, ndefu, za kijani, zinaning'inia kwenye mawe na kupepea mkondo wa pampu ukipita. Fundi akija anakwangua kwa ncha ya kidole, anaacha mizizi. Wifi akiona mizizi anashukuru. Matumbawe yakafumba. Wateja nao ndimi zao hazina breki.

"Mama saluni, hilo tangi unalisuka lini?"

"Lipake dawa lilainike."

"Mimi nataka mtindo kama wa lile jiwe la kulia."

Wifi anacheka nao, lakini nilimwona anavyomtafuta Mheshimiwa kwa macho. Siku hizo alikuwa anaonekana mkia tu, mara uko huku, mara uko kule, katikati ya msitu.

"Wifi, sasa imetosha," nikamwambia. "Utamuua."

"Wiki hii atasema. Naona anataka kusema."

"Na asiposema?"

Akamtupia Mheshimiwa chakula kingine.

Ikaja Jumamosi. Jumamosi saluni haina pa kuweka mguu. Tulipofungua asubuhi umeme haukuwapo, umekatika tangu usiku. Wifi hakujali, nywele za kusuka hazihitaji umeme. Akamketisha mteja wa kwanza, mama mwenye duka la viatu hapo mtaani, mnene, mcheshi, sauti kama kengele ya shule. Akamsuka nusu kichwa. Mwingine akapakwa dawa ya kulainisha. Wengine wanangoja, wanachambana. Mimi napiga pasi kwa maneno tu, pasi yenyewe haina moto.

Ni mama viatu aliyeona. "Jamani, Mheshimiwa anahutubia."

Tukacheka. Kisha tukaangalia. Samaki alikuwa juu kabisa, mdomo nje ya maji, anafungua anafumba, anafungua anafumba. Wadogo nao wamepanga mstari pembeni yake, midomo juu. Pampu ilikuwa kimya toka usiku, giza lilikuwa toka usiku, na ule msitu wote wa kijani umekesha unavuta hewa yao.

Wifi akaachia msuko katikati. "Mungu wangu. Nimewanyonga."

Sijawahi kumwona akikimbia. Alikimbia hatua chache zile mpaka tangini akagonga kiti. Akaingiza mikono miwili, na mikono yote ya gauni, akaanza kuchota maji na kuyaangusha, kuchota na kuyaangusha, yapate hewa. "Wifi, piga simu!"

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje!"

"Kwamba kuna kijani?"

"Wifi, nitakuua!"

Nikapiga. Fundi akauliza jambo moja tu: "Pampu imezima toka saa ngapi?" Sikuwa nimemaliza kujibu, simu ikakatwa.

Basi ungeona saluni ile. Wateja wote wamesimama. Mwenye rola, mwenye taulo, mwenye kichwa kilichosukwa nusu kama shamba lililolimwa upande mmoja. "Vikombe!" wifi akaamuru. "Siyo hilo bakuli, hilo lina rangi ya nywele! Kikombe safi, chota juu, mwaga kutoka juu!" Wakajipanga, wanachota wanamwaga, wanachota wanamwaga, kelele kama mvua juu ya bati. Mama viatu akapanda kwenye kigoda ili maji yaanguke kutoka mbali zaidi, "yapate hewa ya ghorofani," anasema. Yule mwenye dawa kichwani akaanza kulia, "Inaniwasha!" Nikamvuta shingo kwenye sinki nikamwosha mimi, na sijui kuosha, nilimwosha mpaka blauzi.

Wifi akashika kichana chake cha meno mapana. Akakitumbukiza kwenye ule msitu. Akachana. Ukatoka mwani fungu, mzito, unachuruzika, akautupa sakafuni. Sakafuni mwake! Akachana tena, akatupa. "Toka! Toka, mshenzi mkubwa, nilikuita mimi, toka!" Kila mtu akachukua kichana. Mtu hawezi kuamini, wanawake wazima wanalichana tangi, nyuzi za kijani zimewaganda mabegani, mmoja anacheka mpaka ameegemea ukuta, wifi peke yake analia.

Fundi akaingia anahema, begi begani, anasukuma toroli la madumu ya maji ya chumvi. Hakusalimia. Akapiga magoti kwenye dimbwi, akatoa kimashine kidogo cha betri, akatumbukiza mrija. Mapovu yakapanda. Mheshimiwa akakaa juu, anafungua anafumba. Fundi akatoa maji ya zamani kwa mpira, akaingiza mapya taratibu. Wifi amesimama nyuma yake, kichana kinadondoka matone. Tukangoja, hata mama viatu alinyamaza, jambo ambalo sijaliona tena.

Yule samaki akafunga mdomo. Akatikisa mkia. Akashuka chini polepole, akazunguka jiwe, akaona unyuzi mmoja wa mwani uliosalia. Akaula.

Kelele zilizopigwa humo ndani, duka la jirani walidhani kuna moto.

Fundi akabaki kwenye magoti yake. Akafungua begi, akatoa kopo, na bila kumtazama mtu akaanza kuwarudisha konokono kwenye kioo, mmoja mmoja, kwa adabu.

"Hao walikuwa wapi?" wifi akauliza.

"Nilikuwa... nimewapumzisha."

"Konokono wanachoka?" mama viatu akauliza kutoka kwenye kigoda.

Fundi akafunika kopo. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Niliwachukua, nikawafuga kwangu. Na mwani wa chini nao niliung'oa mimi, nikijua wa juu utaota. Nilitaka uniite. Tangi likipona sina sababu ya kuja, na mimi siku zangu nyingine zote ni... ni siku tu. Sikujua utaota hivi, sijawahi kuona unaota hivi, kuna kitu kingine kiliusaidia. Nisamehe, dada. Karibu niwaue samaki wako."

"Kitu kingine ni mimi," wifi akasema.

"Vipi?"

"Taa sikuzima tangu ulipoondoka. Nilimlisha Mheshimiwa kama ng'ombe. Maji nilitia ya bomba."

"Ya bomba?"

"Ya bomba."

Wakaangaliana. Fundi akaanza kutabasamu, tabasamu likamshinda, likamfika masikioni. "Nilidhani ukishajua kila kitu, hutanihitaji tena."

Wifi akatazama mkononi kama anatafuta pini za kuweka mdomoni. Hazikuwapo, zilikuwa sakafuni, chini ya mwani. Akavuta pumzi.

"Tangi ndilo linalokuhitaji," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. "Mimi nakutaka."

Loo! Mama viatu alishuka kigodani bila kutumia miguu. Mwenye taulo akapiga vigelegele, mwenye blauzi mbichi akampigia makofi, mimi nikajikuta nimekumbatia cherehani. Na umeme, kana kwamba nao ulikuwa mlangoni unasikiliza, ukarudi papo hapo: draya zote tulizojaribu asubuhi tukasahau kuzizima zikalia kwa pamoja, mwani uliokuwa kwenye vichana ukaruka ukatua kwenye vioo, kwenye kalenda, kwenye shati la fundi lenye vifungo vyote.

Fundi akanyanyuka, maji yanamtiririka. "Basi... nije lini? Nije nyumbani, nizungumze na ndugu zako?"

"Umeshakuja," wifi akamwambia. "Shika ndoo."

"Shemeji, karibu," nikasema mimi, maana mtu wa kuzungumza naye kwa niaba ya ndugu nilikuwapo.

Wakainama wote wawili kuokota mwani, anaweka yeye, anaweka yeye, mikono inagongana ndani ya ndoo moja na hakuna anayeitoa. Ndoo ilijaa kitambo, wao bado wanaweka.

Mama viatu akajishika upande wa kichwa usiosukwa. "Mama saluni, na mimi je? Nitarudi dukani hivi?"

"Wewe nawe," wifi akamjibu bila kuinua uso, "huoni naposwa?"